SOMO LA TISA: JOTO LA KIANGAZI NA MVUA ZA RADI

Ifikapo mwezi Oktoba, nchi ya Chamwino, mkoani Dodoma, huwa imekauka. Nyasi zimekwisha malishoni, mchanga wa njiani unaunguza nyayo, na wachungaji wanakwenda mbali kutafuta maji ya ng'ombe. Mchana chamchela huzunguka uwanjani na kuinua vumbi hadi juu ya paa za nyumba. Kila mtu hutazama mbinguni.

Kisha, alasiri moja ya mwezi Novemba, wingu kubwa jeusi hutokea. Upepo wa baridi huvuma ghafla, radi hunguruma, na mvua kubwa hunyesha kwa muda wa nusu saa. Asubuhi yake familia moja inatoa mbegu zake zote ghalani na kuzipanda. Familia ya jirani inapanda sehemu moja tu ya mbegu zake na kuihifadhi sehemu iliyobaki.

Je, ni familia ipi iliyotumia busara zaidi? Ili tuweze kujibu swali hili, hatuna budi kwanza kuelewa joto hilo linatoka wapi, mvua ya radi hufanyikaje, na kwa nini mvua hiyo hunyesha hapa na kuacha pale.

1. Mahali petu na majira yake

Chamwino iko mashariki ya mji wa Dodoma, katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania. Nchi hii ina mwinuko wa mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, nayo iko karibu nyuzi 6 kusini ya Ikweta.

Sehemu nyingine za nchi yetu, kama vile Dar es Salaam, Tanga na Arusha, hupata mvua mara mbili kwa mwaka: mvua za vuli na mvua za masika. Dodoma haina majira hayo mawili. Ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au katika Desemba na kwisha katika Aprili. Kwa wastani mvua ya mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600. Tangu Juni hadi Septemba karibu hakuna mvua kabisa. Mwezi Novemba huleta wastani wa milimita 20 hadi 30 tu, lakini Desemba huleta zaidi ya milimita 100. Kumbuka tofauti hiyo kati ya Novemba na Desemba, maana tutaihitaji baadaye.

2. Kwa nini Oktoba na Novemba kuna joto kali?

Katika mwezi Julai usiku wa Dodoma huwa wa baridi; kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Sentigredi. Katika Oktoba na Novemba joto la mchana hufikia wastani wa nyuzi 31, na siku nyingine huzidi hapo. Kuna sababu tatu kubwa.

Kwanza, Jua huwa utosini. Katika wiki ya pili ya Oktoba, Jua hupita juu kabisa ya Chamwino likielekea kusini. Miale yake huanguka wima, kwa hiyo joto lake halitawanyiki juu ya eneo kubwa, bali hukusanyika mahali padogo.

Pili, anga huwa haina mawingu mengi ya kuzuia miale hiyo.

Tatu, udongo huwa mkavu. Udongo wenye maji hutumia sehemu kubwa ya joto la Jua kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Udongo mkavu hauna maji ya kugeuza, kwa hiyo joto lote hubaki kuuchemsha udongo wenyewe na hewa iliyo juu yake.

Ukweli wa sababu hizi waweza kuuona katika mwezi Machi. Mapema mwezi huo Jua hupita tena utosini mwetu, likirudi kaskazini. Hata hivyo joto la Machi si kali kama la Oktoba, kwa kuwa mawingu ni mengi, mimea imefunika ardhi, na udongo una maji.

Jaribio la 1: Kivuli cha fimbo

Chomeka fimbo iliyonyooka ardhini, uwanjani, ikiwa wima kabisa. Katika wiki ya pili ya Oktoba, tia alama kwenye ncha ya kivuli chake kila baada ya dakika kumi, tangu saa 6:00 mchana hadi saa 7:00. Utaona kuwa karibu na saa 6:25 kivuli hutoweka, au hubaki kidogo sana. Rudia jaribio hili mwezi Juni. Je, kivuli kinatoweka? Kinalala upande gani?

3. Mvua hungoja nini?

Ikiwa Jua liko utosini mapema Oktoba, kwa nini mvua hazianzi wakati huo huo? Sababu ni kwamba joto peke yake haliwezi kuleta mvua. Mvua huhitaji mambo mawili: hewa inayopanda juu, na unyevu ndani ya hewa hiyo.

Hewa yenye joto ni nyepesi, nayo hupanda. Chamchela tuliyoitaja ni dalili ya jambo hilo: ni hewa ya moto inayopanda kwa kuzunguka. Lakini chamchela haileti mvua, kwa kuwa hewa yake ni kavu. Katika miezi ya kiangazi, upepo utokao kusini mashariki hudondosha sehemu kubwa ya unyevu wake pwani na katika milima ya mashariki, kama vile Uluguru, kabla ya kufika kwetu.

Jua likielekea kusini, ukanda wa mvua hulifuata polepole. Ukanda huo ni mahali zinapokutana pepo za kaskazini na pepo za kusini. Zikikutana, hewa hukosa njia ya kupita ila kupanda juu. Hufika kwetu majuma kadhaa baada ya Jua kupita, ndiyo maana mvua kamili hungoja hadi mwisho wa Novemba au Desemba. Aghalabu hewa yenye unyevu mwingi hutufikia pia kutoka magharibi, upande wa misitu ya Kongo.

Novemba basi ni mwezi wa katikati. Joto ni kali, lakini unyevu haujatosha wala haujaenea kila mahali. Hewa hiyo huweza kujenga wingu la radi hapa na pale, lakini bado haiwezi kuinyeshea nchi nzima.

4. Wingu la radi hujengwaje?

Asubuhi anga ni safi. Ardhi hupata joto, na hewa iliyo juu yake huanza kupanda. Kadiri inavyopanda hewa hupoa. Ikiisha kupoa vya kutosha, mvuke uliomo hugeuka kuwa matone madogo sana ya maji. Matone hayo kwa wingi wake ndiyo wingu. Mvuke unapogeuka maji hutoa joto, na joto hilo huisukuma hewa izidi kupanda. Kwa hiyo wingu hujijenga kwa nguvu yake lenyewe.

Kufikia alasiri, wingu la radi laweza kuwa na kimo cha kilomita 12 au zaidi. Mlima Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895. Wingu hili basi hupita mara mbili ya kimo cha mlima huo. Huko juu baridi ni kali mno, na maji huganda kuwa barafu. Vipande vya barafu vikiwa vikubwa sana huanguka kabla ya kuyeyuka, nasi huita mvua ya mawe.

Ndani ya wingu vipande vya barafu hupanda na kushuka, na hugongana. Kugongana huko hutenga chaji za umeme: kwa kawaida chaji chanya hukusanyika juu ya wingu, na chaji hasi hukusanyika chini. Tofauti ikizidi, umeme huruka ndani ya wingu, au kutoka winguni hadi ardhini. Njia unamopita hupata joto la nyuzi zipatazo 30,000 za Sentigredi, ambalo ni zaidi ya joto la uso wa Jua. Hewa iliyo katika njia hiyo hutanuka ghafla na kutoa mshindo. Mshindo huo ndio ngurumo. Hivyo radi si kazi ya uchawi, wala haitumwi na mtu. Ni umeme unaotafuta njia.

5. Kwa nini mvua inyeshe Buigiri na kuiacha Chamwino?

Huenda umewahi kuona mvua ikinyesha kijiji cha jirani, hali kijijini kwenu vumbi linatimka. Jambo hili si la ajabu. Wingu moja la radi hufunika eneo la kilomita chache tu. Tangu kuanza hadi kwisha kwake huchukua muda wa saa moja hivi. Mvua ikianza kudondoka, huburuta pamoja nayo hewa ya baridi hadi chini. Hewa hiyo ndiyo ule upepo tunaousikia kabla ya mvua. Huikata hewa ya joto iliyokuwa ikililisha wingu, nalo wingu hufa.

Kwa hiyo Buigiri waweza kupata mvua kubwa, na Chamwino, ambayo ni jirani, isipate hata tone. Juma lifuatalo yaweza kuwa kinyume chake. Mtaalamu wa hali ya hewa aweza kujua asubuhi kwamba siku hiyo mawingu ya radi yatajengeka katika Mkoa wa Dodoma. Lakini ni vigumu sana kujua mapema ni juu ya shamba la nani. Ndiyo maana redioni tunasikia maneno haya: "mvua zikiambatana na ngurumo za radi katika maeneo machache." Maana yake ni kwamba mvua itanyesha mahali fulani, na sehemu kubwa ya eneo hilo itabaki kavu. Ukitabiriwa hivyo na kwenu isinyeshe, usiseme kwamba utabiri ulikuwa wa uongo.

6. Kupima mvua na kupima hasara ya maji

Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba.

Jaribio la 2: Mapato na matumizi ya maji

Vifaa: kopo lenye kuta zilizonyooka, sufuria pana, rula na maji.

(a) Weka kopo mahali pa wazi, mbali na miti na majengo. Baada ya mvua, pima kwa rula kina cha maji yaliyomo. Pima kila siku saa 3:00 asubuhi, uandike katika daftari, kisha umwage maji hayo.

(b) Siku isiyo na mvua, jaza sufuria maji karibu na ukingo na uiache juani, mahali ambapo mifugo haifiki. Pima kina cha maji. Pima tena kesho yake saa ile ile. Yamepungua milimita ngapi?

Tuchukue mfano. Tuseme kopo lilipata milimita 18 za mvua siku ya Jumatatu, na sufuria hupoteza milimita 6 kwa siku. Tukigawa 18 kwa 6 tunapata 3. Maana yake, kama maji yote ya mvua hiyo yangekaa wazi juani, Jua lingeyamaliza kwa siku tatu. Shamba halipotezi maji sawasawa na sufuria, kwa kuwa udongo huficha maji kidogo chini, na uso wake ukisha kukauka hupunguza kasi ya kupoteza. Hata hivyo hesabu hii yatufundisha jambo kubwa: katika joto la Novemba, mvua moja ni mtaji mdogo wenye matumizi makubwa.

7. Familia mbili na mbegu zao

Sasa turudi kwa familia zetu mbili. Mvua ya radi iliyonyesha ilikuwa ya wingu moja, wala haikuwa mwanzo wa msimu. Baada yake jua kali liliendelea kwa majuma mawili. Mbegu zote zilizopandwa ziliota, kwa kuwa zilipata maji ya kuotea. Lakini miche ina mizizi mifupi. Haikuweza kufikia maji yaliyo chini, ikanyauka. Familia ya kwanza ilibaki bila mbegu wakati mvua za Desemba zilipoanza. Familia ya pili nayo ilipata hasara, lakini ilikuwa na akiba. Ilipanda tena.

Tusiseme kwamba kupanda mapema ni kosa wakati wote. Msimu wetu ni mfupi, na anayechelewa mno hukutwa na ukame kabla mazao hayajakomaa. Tena mara nyingi mvua hukatika kwa siku kadhaa katika Februari. Wakulima wengine hupanda uwele na mtama katika udongo mkavu ili mbegu zingojee mvua, na mwaka mwingine hufaulu. Busara ya familia ya pili haikuwa kujua siku ya mvua, maana hakuna aliyeijua. Ilikuwa kutoweka mbegu zote katika wingu moja.

Historia ya Ugogo yatukumbusha thamani ya mbegu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi yalichukua nafaka, mifugo na watu wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, iliua watu wengi sana, na Wagogo waliipa jina la Mtunya. Nyumba isiyo na akiba haina kinga dhidi ya mwaka mbaya.

8. Kusoma utabiri wa msimu

Kila mwaka, kabla ya msimu wetu kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za Novemba hadi Aprili. Utabiri huo hutumia maneno matatu. Mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi. Zilizopungua asilimia 75 huitwa chini ya wastani, na zilizozidi asilimia 125 huitwa juu ya wastani.

Kwa mfano, ikiwa wastani wa kituo ni milimita 560, mvua za wastani ni kati ya milimita 420 na 700. Waona kwamba pengo hilo ni kubwa. Tena jumla nzuri yaweza kuja kwa mgawanyo mbaya: mvua nyingi kwa siku chache, na jua kati yake. Kwa hiyo sikiliza utabiri wa msimu ili kuchagua mbegu, sikiliza utabiri wa kila siku kumi ili kuchagua juma la kupanda, kisha chimba shambani kwa jembe uone unyevu umefika kina gani. Umwulize pia afisa ugani. Wazee nao hutazama mibuyu inapochipua na upepo unapogeuka. Yaandike wayasemayo daftarini, na uyalinganishe na kopo lako.

9. Kujikinga na radi

Mvua za kwanza huleta hatari pia. Mwezi Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi mkoani Geita. Mwezi Januari 2025 iliua wanafunzi saba wa shule ya sekondari katika mkoa huo huo. Wote walikuwa shuleni.

Mwanga hutufikia papo hapo, lakini sauti husafiri mita zipatazo 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde tatu. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Ukihesabu sekunde 12, radi iko umbali wa kilomita 4. Ikiwa sekunde hazifiki 30, usikae nje. Fuata kanuni hizi:

(a) Ingia katika jengo imara au ndani ya gari lililofungwa. Usijikinge chini ya mbuyu wala mti wowote.
(b) Ukiwa ndani, kaa mbali na kuta, madirisha, mabomba na nyaya za umeme. Jengo lisilo na kinga ya radi halina usalama kamili.
(c) Toka uwanjani na mtoni, na uache majembe na vyuma.
(d) Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.
(e) Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse bila hofu, mpe huduma ya kwanza, na afikishwe hospitali upesi.

Rangi ya nguo haiiti radi, wala kioo hakiiti radi.

Mambo ya kukumbuka

Joto huinua hewa. Unyevu huijaza wingu. Wingu moja la radi hunyeshea eneo dogo kwa muda mfupi. Mvua ya kwanza si lazima iwe mwanzo wa msimu. Mwenye kupima, kusikiliza na kuweka akiba huwa na njia ya pili.

Maswali

1. Taja sababu tatu za joto kali la Oktoba katika Chamwino.
2. Kwa nini chamchela haileti mvua?
3. Umeona umeme, na baada ya sekunde 9 umesikia ngurumo. Radi iko umbali gani? Utafanya nini?
4. Shamba la eka moja lina mita za mraba zipatazo 4,000. Likipata milimita 18 za mvua, limepokea lita ngapi za maji?
5. Redio imesema mvua za radi zitanyesha katika maeneo machache ya Mkoa wa Dodoma. Jirani yako anataka kupanda mbegu zake zote kesho. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?
6. Pimeni mvua shuleni kwenu tangu Novemba hadi Aprili. Linganisheni vipimo vyenu na vya shule ya jirani. Ni siku ngapi shule moja ilipata mvua na nyingine ikakosa?